Nia Aliyobebeshwa Fundi Cherehani

Kila mwaka, sikukuu ya mashahidi ikikaribia, vijana wa parokia yetu huvuka mpaka hapa Malaba na kuelekea Namugongo kwa miguu. Sisi wazee tulikuwa tukienda nao, mpaka mmoja wetu alipoanguka njiani upande wa Uganda akarudishwa kwa gari la kubeba ndizi. Baada ya hapo tukajitengenezea njia yetu isiyovuka mpaka. Tunatoka Malaba, tunafuata barabara ya Adungosi hadi Busia mjini, tunateremka kupitia Nangina na Funyula hadi Sio Port, kisha tunafuata ufuo wa ziwa mpaka kanisa dogo la bati lililo karibu na maji. Tunatembea polepole. Usiku tunalala kwenye makanisa na madarasa, wanawake upande huu, wanaume upande ule.

Njia yetu ina sheria moja ambayo sijaisikia kwingine. Hakuna anayeomba nia yake mwenyewe. Asubuhi ya kuondoka, katekista anawaunganisha watu wawili wawili, kila mmoja anamnong'onezea mwenzake jambo analolitaka kwa Mungu, na kuanzia hapo wewe unabeba la mwenzako naye anabeba lako. Hulitaji kwa mtu mwingine yeyote. Ukishindwa na safari, unamwachia mwingine mzigo ule kabla hujapanda boda boda kurudi nyumbani, ili nia isikatike njiani. Mume na mke hawaunganishwi kamwe. Katekista wetu husema watu wa nyumba moja wakiunganishwa watatembea mpaka ziwani wakizungumzia mbuzi.

Mwaka huo mke wangu aliunganishwa na fundi cherehani.

Nina wivu. Nimekuwa nao tangu ujana, na uzee haukuupunguza hata kidogo. Nilifanya kazi ya ukarani kwa wakala wa forodha hapa mpakani, na kazi yangu ilikuwa kujua lori limebeba nini kabla halijafika getini. Nyumbani niliishi vivyo hivyo. Mke wangu akitoka sokoni nilimuuliza alikuwa na nani. Akichelewa kanisani nilimuuliza misa ilikwisha saa ngapi, ingawa nilikuwa nimeshamuuliza jirani. Sikumpiga hata siku moja, na kwa miaka mingi nilijisifu kwa hilo, kama kwamba mtu anayeulizwa kila siku alikotoka anaishi kwa raha.

Fundi cherehani huyo ni mjane. Ndiye anayeshona sare za akina mama wa kanisa, kwa hiyo alikuwa na vipimo vya mke wangu, jambo lililonikera muda mrefu kabla ya safari. Ni mtu mwembamba, mpole, goti lake moja bovu, na mwavuli mweusi haumtoki mkononi. Nilimtazama akiinamisha kichwa, mke wangu akisogeza mdomo karibu na sikio lake. Alinong'ona kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimedhani jambo lake ni fupi, mvua au mgongo unaomsumbua. Fundi aliitikia kwa kichwa, akauliza kitu, akasubiri. Mke wangu akaongeza maneno mengine.

Mwenzangu alikuwa mama mmoja wa Angurai, Mteso, mjane pia, mnene wa mwili na mwepesi wa miguu. Aliniambia nia yake kwanza: mwanawe wa mwisho aache pombe. Kisha akanitolea sikio.

"Sema, mzee. Jua linatoka."

Nikasema nililokuwa nalo moyoni wakati ule. "Omba nijue mke wangu amemwambia nini yule fundi."

Aligeuka akanitazama kutoka viatuni hadi kofia. "Hiyo ndiyo nia?"

"Ndiyo hiyo."

"Watu wanaombea figo, watu wanaombea watoto. Mimi nimwambie Mungu akufanye polisi?"

"Sheria inasema unabeba unachopewa."

"Nitabeba," alisema. "Lakini nitakuwa naona aibu."

Tukaondoka. Malori yalikuwa yamepanga foleni kama kawaida, yakielekea mpakani, na madereva walikuwa chini ya matrela wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Mmoja alituita akauliza kama kule tuendako kuna nafasi ya dereva mwenye dhambi. Fundi alimjibu kwamba nafasi ipo ila atembee, na mke wangu akacheka. Nilikuwa mbele yao kidogo nikakisikia kicheko hicho mgongoni. Kilikuwa kicheko kirefu, cha mtu asiyejizuia. Nikajaribu kukumbuka ni lini nilikisikia nyumbani mwangu, nikaacha kujaribu.

Sisi Wakhayo wa rika langu tukitoka na wake zetu, mume hutangulia. Si sheria ya mtu, ni mazoea tu. Ukitazama nyuma unamwona yuko hatua kadhaa, na hiyo inatosha. Kwa hiyo sikuwahi kumtazama mke wangu akitembea. Siku ile, kwa kisingizio cha kumsubiri mama wa Angurai aliyekuwa akichuma mapera, nilikaa kando ya barabara wakapita. Fundi alikuwa amefungua mwavuli, kivuli chote ameupa upande wa mke wangu, bega lake la pili liko juani. Goti lake lilimfanya atembee kwa mwendo wa mke wangu. Au pengine alikuwa akitembea hivyo kwa kupenda. Alimuuliza jambo, akanyamaza mpaka jibu lote likaisha, kisha akauliza jingine. Nilichokiona ndicho hicho tu. Ningewakuta wameshikana mikono ningejua la kufanya.

"Tunaenda, mzee?" mama wa Angurai aliuliza, akinipa pera.

"Hebu watazame wale."

"Nawatazama. Wanatembea."

"Anamwambia nini?"

"Mimi niko kazini," alisema. "Nimeanza kukuombea kutoka pale kwa petroli. Usinisumbue."

Adungosi tulipewa viazi vitamu na chai kwenye uwanja wa kanisa. Fundi alimmenyea mke wangu kiazi. Hakuwa ameombwa. Alikimenya kwa vidole vile vya kushikia sindano, ngozi ikatoka yote kwa mara moja, akampa kwenye kipande cha jani la mgomba. Nikamenya changu upesi nikampelekea.

"Nimeshiba," mke wangu alisema. "Mpe mama wako wa Angurai."

Alisema bila ubaya. Lakini waliokuwa karibu walicheka, na mzee mmoja wa Alupe akasema, "Bwana karani, umechelewa. Hiyo lori imeshapita." Nikacheka pamoja nao. Nilikila kile kiazi mwenyewe na kilinikwama kifuani hadi jioni.

Nilijaribu kumuuliza fundi mwenyewe. Nilimkuta bombani akinyoosha goti, nikajifanya nahitaji maji.

"Mama anaendelea vizuri?" nikamuuliza.

"Vizuri sana. Anatembea kuliko mimi."

"Ana mambo mengi ya kuomba siku hizi."

Alitabasamu akafunga bomba. "Kila mtu ana yake, ndugu yangu." Kisha akaniuliza kama mguu wangu una lengelenge, kwa kuwa ana pamba. Nilikuwa nalo. Nikasema sina.

Tulipofika Busia goti la fundi lilikuwa limevimba kiasi kwamba suruali ilimbana. Tulilala karibu na mjini, na asubuhi katekista alimwambia arudi nyumbani, hakuna ubishi. Boda boda ikaitwa. Wanawake walikuwa wamekwenda upande wa jikoni kupokea uji, na katekista alikuwa akihesabu watu upande ule mwingine. Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi, mwavuli mapajani, akitazama huku na huku.

"Mama yuko wapi?" aliniuliza. "Nataka anichagulie mtu wa kumwachia nia yake. Siwezi kuondoka nayo."

Kulikuwa na njia nyingi za kujibu. Ningesema nenda ukamwite. Ningekwenda kumwita mimi mwenyewe, jikoni hapakuwa mbali. Nilisema, "Amenituma mimi. Amesema uniachie."

Akanitazama. "Wewe? Na sheria?"

"Katekista amekubali, kwa sababu ya dharura."

Uongo wa pili ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza. Mwendesha boda alikuwa ameshawasha pikipiki na kutuambia ana mteja mwingine soko la juu. Fundi alisita. Nafikiri hakuniamini, ila alikuwa mtu asiyeweza kumwambia mzee mwenzake usoni kwamba anadanganya. Akanishika mkono, akanivuta karibu.

"Anaomba apate mdomo wa kukuambia," alisema. "Anataka kwenda kukaa kwa binti yenu Nambale. Si kutembea. Kukaa. Amesema anataka kukaa mahali ambapo akitoka nje na kurudi, hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Amelitafuta neno hilo miaka mingi na halimtoki. Ndilo aliloomba. Mdomo."

Akaniachia mkono. Akapandishwa kwenye pikipiki, mguu umenyooshwa pembeni, wakaondoka.

Nilibaki pale kwenye ngazi. Nilikuwa nimejiandaa kusikia jina la mwanamume. Kwa jina la mwanamume ningekuwa na la kufanya, ningegomba, ningesusa, ningepiga simu kwa shemeji zangu Bukhayo wakae kikao. Hili halikuwa na mtu wa kugombana naye isipokuwa mimi.

Mke wangu akaja na vikombe viwili vya uji.

"Ameshaenda?"

"Ameenda."

"Hajaniaga." Aliweka kikombe kimoja juu ya ukuta mfupi wa ngazi. "Nia yangu ameachia nani?"

"Sijui," nikasema. "Labda katekista."

Alinitazama kidogo, akanywa uji wake. Kile kikombe kingine hakunipa. Kilibaki ukutani mpaka nzi wakakizunguka.

Baada ya Mundika, tulipouacha mji, nilimwambia mama wa Angurai kila kitu. Sikuweza kuendelea naye akiniombea jambo ambalo nilikuwa nimeshalipata kwa njia ile. Alisimama katikati ya njia, watu wakatupita.

"Mzee, umeiba maombi."

"Nimeiba."

"Mimi nilidhani nimeona wezi wote wa mpaka huu. Wa sukari, wa mafuta, wa ng'ombe."

"Nifanye nini? Nimwambie mimi mwenyewe aende Nambale? Nimrahisishie?"

"Wee!" Alinishika kifundo cha mkono kama mtoto anayetaka kuvuka barabara. "Hilo usithubutu. Ameomba mdomo wake, hajaomba wako. Ukimsemea, umemnyang'anya mara ya pili."

"Basi nikairudishe nia kwa katekista."

"Utairudisha na maelezo gani? Aliyepokea anabeba. Ibebe. Na unyamaze."

Kwa hiyo nikaibeba. Nataka niseme ukweli kuhusu namna nilivyoibeba, maana ni rahisi kuandika kwamba niliomba vizuri. Mpaka Nangina niliomba hivi: Mungu, mpe mdomo, lakini si mwaka huu. Nikaona hiyo ni hila ya karani. Nikaomba apate mdomo, lakini binti aseme nyumba yake ni ndogo. Nikaikataa hiyo pia. Nilijaribu kutaja maneno yale kama nilivyoyapokea, apate mdomo wa kuniambia, na kila nilipofika kwenye kuniambia nilirudi mwanzo.

Wivu haukuondoka, ulihama tu. Fundi alikuwa amekwenda na goti lake, sasa nikamwonea wivu binti yangu. Nikakumbuka jinsi simu yake inavyoingia jioni na mama yake anavyotoka nayo hadi barazani, akizungumza mpaka ugali unapoa. Nikawaonea wivu wajukuu. Nikakionea wivu hata kile chumba cha Nambale nilichokijua, chenye dirisha linalotazama shamba la jirani, kwamba kitamwona akiamka. Mbele yangu mke wangu alikuwa akitembea peke yake, kwa kuwa hakuwa amepewa mwenza mwingine, na sheria ilinizuia kumfuata. Midomo yake ilicheza. Alikuwa bado akibeba nia ya fundi. Hilo nalo liliniuma: kwamba yule mtu yuko nyumbani na mguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na bado ana mahali ndani ya kinywa cha mke wangu.

Mahali fulani baada ya Funyula, kwenye mteremko ambapo ziwa linaonekana kwa mara ya kwanza, nilimaliza ile sala bila kukwama. Sijui kwa nini pale. Nilikuwa nimechoka, lengelenge lilikuwa limepasuka. Nilisema apate mdomo wa kuniambia, nikaendelea kutembea, nikasema tena.

Tulifika ufuoni mchana. Baada ya misa watu waliingia majini hadi vifundoni, kila mmoja na mwenzake, ili kushusha mizigo. Mnasimama mkitazamana, unasema nimeibeba mpaka hapa, mnanawishana miguu, imekwisha. Mama wa Angurai aliniosha miguu kwa nguvu kama anayesugua sufuria.

"Nimeibeba mpaka hapa," alisema. "Sitaki kuisikia tena."

"Nami nimeibeba yako. Apone pombe."

"Amina."

Nilipotoka majini nilimwona mke wangu amekaa kando, penye nyavu zilizotandazwa kukaushia omena, dagaa wa ziwani. Wanawake wa pale walikuwa wakiwageuza kwa mafagio na harufu ilikuwa kali. Akaniita kwa mkono. Nikaenda nikakaa mchangani, viatu mkononi.

Alichelewa kuanza. Alizungumza kuhusu omena, kwamba ni wadogo mwaka huu. Alisema kuhusu mahindi yetu. Nilikuwa na maneno yote tayari na yaliniwasha ulimini. Ningeweza kuyasema kwa niaba yake na kumaliza mateso yetu wote wawili. Niliuma shavu kwa ndani.

"Baba watoto," alisema, "nataka kwenda kukaa kwa binti yetu."

Nikaweka viatu chini.

"Si wiki moja. Nikae. Nimechoka kuulizwa. Hata leo hii, nikienda kule vichakani kujisaidia, nikirudi nitakukuta umetazama saa. Wewe unafikiri sioni. Nimezaa na wewe, nimezika na wewe, na bado kila nikifika mlangoni ni kama niko kwa forodha. Nataka nifike mlango ambao hauna mtu."

Alisema yote. Yalikuwa mengi kuliko yale aliyoniambia fundi, na mengine sitayaandika hapa kwa kuwa ni yake. Mimi nilisikiliza mpaka mwisho. Nilitafuta katika maisha yetu yote mara nyingine niliyokuwa nimefanya hivyo na sikuipata.

"Nenda," nikasema. Kisha, kwa sababu sikuweza kukaa na uongo ule, nikaongeza, "Nilikuwa najua. Nilimdanganya fundi kwamba umenituma."

"Najua kwamba ulijua."

Nikamtazama.

"Fundi alinipigia simu jioni ileile, kabla hatujalala. Aliniuliza kama ni kweli nilikutuma. Alikuwa anakaribia kulia, maskini."

"Na hukusema kitu."

"Nilitaka nione kama utaninyang'anya na hilo pia." Aliokota omena mmoja aliyedondoka kutoka wavuni akamrudisha kwa wenzake. "Kila tulipopumzika nilisema sasa anakuja. Sasa atasema yeye, atapanga yeye, atachagua mpaka siku. Hukuja."

"Mama wa Angurai alinikataza."

"Basi Mungu ambariki huyo mama." Akasimama, akakung'uta mchanga kwenye kanga. "Lakini ungeniuliza, baba watoto. Si njiani. Nyumbani. Umeniuliza nimetoka wapi miaka yote hii. Ninataka nini, hukuuliza hata mara moja."

Nilichukua viatu nikaanza kuvaa.

"Utarudi?" nikasema.

"Hilo usiniulize leo."

Alikwenda baada ya kuvuna maharagwe. Nilimsindikiza hadi Nambale, nikalala usiku mmoja kama mgeni, nikarudi Malaba. Sasa napika mwenyewe, vibaya. Fundi nilimwendea nikamwomba msamaha dukani kwake; alinikaribisha kiti, akaendelea kushona, na tulizungumza kuhusu goti lake. Bado nikimtazama naukumbuka ule mwavuli, lakini sasa naenda kwake kila Jumamosi, kwani ndiye mtu pekee hapa ambaye najua aliwahi kumsikiliza mke wangu.

Juzi binti alinitumia picha kwa simu. Mke wangu amekaa nje na wanawake wengine wakipukuchua mahindi, mdomo wazi, anacheka. Amenenepa kidogo. Pembeni mwa picha, pale inapokatika, kuna kiatu cha mwanamume. Nilikipanua kile kiatu kwa vidole mpaka kikawa ukungu mtupu. Ni cheusi, cha ngozi, kamba zimefungwa vizuri. Nikakaa nacho muda mrefu. Mwishowe nikapiga simu, na alipopokea nikasikia kelele za watu nyuma yake, wanawake kwa wanaume.

"Haya, baba watoto," alisema. Alisubiri. Alikuwa akilisubiri swali lile, nilimsikia akilisubiri.

Nikamuuliza kama angependa nimletee kuku wake wawili wa kienyeji, au niwaache hapa watage.

"Wacha nifikirie," alisema. "Nitakuambia."